Siri ya Jeshi Haifiki Kwenye Gunia la Mchele

Malalamiko kuhusu ununuzi wa jeshi yanayotufikia kutoka Lamu yameongezeka tangu serikali ianze kuhamishia zabuni kwenye mfumo wa kielektroniki. Mengi yana wimbo mmoja: kila kinachoingia kambini hununuliwa kwa siri, basi mfanyabiashara wa Mokowe au Mpeketoni ajisumbulie nini? Tunaheshimu nia ya wanaolalamika. Lakini dhana yenyewe si sahihi, na haijawa sahihi tangu sheria ya ununuzi ya mwaka 2005.

Kifungu cha 227 cha Katiba ya Kenya kinaitaka kila taasisi ya umma inunue kwa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Hakikusema "isipokuwa jeshi". Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, ndiyo inayoeleza jinsi vyombo vya usalama vinavyotekeleza hilo: huwa na orodha mbili, ya vitu vya wazi na ya vitu vya siri. Bunduki na mitambo ya mawasiliano haitatangazwa gazetini, na hakuna raia mwenye busara anayetaka itangazwe, hasa hapa kwetu ambapo sote tunakumbuka shambulio la kambi ya jeshi ya Manda Bay la Januari 5, 2020. Mchele, maharagwe, saruji na mbao ni habari nyingine. Wizara ya Ulinzi huzitangazia zabuni bidhaa za namna hiyo kama wizara yoyote.

Ugumu uko katikati ya orodha hizo mbili, na mageuzi yenye maana yanaanzia hapo. Siri iliwekwa ili adui asijue kifaa kinafanya nini na kiko wapi. Haikuwekwa ili mlipa kodi asijue kama utaratibu ulifuatwa. Zinapochanganywa hizo mbili, hasara huwa kubwa. Kandarasi 18 za usalama za kashfa iliyokuja kuitwa Anglo Leasing zilikuwa na mambo kama pasipoti na maabara ya uchunguzi wa jinai, vitu ambavyo nchi nyingi hununua mchana kweupe. Mwaka 2014 serikali ililazimika kulipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa ajili ya mbili kati yake, baada ya kushindwa mahakamani ng'ambo. Nani alikosa si kazi ya makala haya kusema. Lakini orodha ya siri ikiachwa inenepe, itanenepa.

Jambo la pili ni namna mahitaji yanavyoandikwa, na hili halina mvuto barazani, hata kule uwanja wa Mkunguni mjini Lamu ambako kila jambo la serikali hupata mjuzi. Watu hutaka kujua nani amepewa tenda. Sisi huuliza kwanza nani aliandika kinachohitajika, na kama aliyekitumia kifaa cha zamani aliulizwa. Mkataba wa KNS Jasiri, meli ya doria ya jeshi letu la wanamaji, ulitiwa saini mwaka 2003; meli ikajengwa Uhispania, ikatia nanga Mombasa mwaka 2012 baada ya mivutano ya malipo na uchunguzi. Miaka tisa ni mingi kwa meli ya vita: mitambo iliyokuwa mipya siku ya saini huwa imezeeka kabla ya baharia kuigusa.

Marekani, yenye bajeti ya ulinzi kubwa kuliko nchi yoyote, iliugua ugonjwa huohuo. Tume iliyoongozwa na David Packard ilishauri mwaka 1986 kwamba kifaa kitengenezwe cha majaribio na kupimwa kabla ya kuagizwa kwa wingi, na kwamba jeshi likikuta kitu kinachofaa tayari kinauzwa sokoni, likinunue badala ya kubuni chake kutoka mwanzo. Mwaka 2015 walifungua ofisi California kwa ajili hiyo hasa, kusogea karibu na kampuni za teknolojia. Wamesema hivyo kwa miongo na bado wanahangaika. Tusidhani sisi tutamaliza kwa waraka mmoja.

Kupima kifaa hapa Lamu kuna maana yake. Gari la deraya lililofaulu kwenye barabara nzuri za nchi linakotengenezwa halijathibitisha lolote kuhusu njia ya kwenda Kiunga wakati wa masika, wala injini ya boti haijathibitisha lolote mpaka ionje chumvi na matope ya mikokoni. Mkataba mzuri hutaja majaribio ya mahali, vipuri, mafunzo ya mafundi na nani atagharamia marekebisho. Bei ya siku ya kwanza ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi si sehemu kubwa.

Hapa ndipo tunaulizwa kwa nini boti za jeshi zisijengwe Matondoni, kijiji cha Lamu chenye mafundi wa majahazi. Mafundi wa Matondoni hawahitaji cheti chetu ili waitwe mafundi. Hata hivyo, boti ya doria hujengwa kwa viwango vya chuma, silaha na mitambo ambavyo karakana ya jahazi haikuundiwa. Kazi ya aina hiyo imewekwa chini ya Kenya Shipyards Limited, iliyoundwa mwaka 2020 na yenye karakana Mombasa na Kisumu. Penye nafasi kwa mtu wa Lamu ni mahali pengine. Sheria inataka mzabuni wa kigeni katika zabuni ya kimataifa apate angalau asilimia 40 ya mahitaji yake kutoka kwa wakandarasi raia, na asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vikundi vya kina mama vinavyolalamika bila kujisajili, tafadhalini, jisajilini kwanza.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo haki hupotea. Mzabuni aliyeshindwa ana siku 14 tangu kuarifiwa kupeleka ombi kwa Bodi ya rufaa ya ununuzi. Mkataba nao hauruhusiwi kutiwa saini kabla ya siku 14 tangu taarifa hiyo kutolewa. Bodi huamua ndani ya siku 21. Asiyeridhika ana siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45, kisha siku saba kwenda Mahakama ya Rufaa, nayo ina 45. Mkataba ukishatiwa saini kihalali, Bodi haina mamlaka. Tunapokea barua za kurasa sita, zenye uchungu wa kweli, zilizoandikwa miezi mitatu baada ya saini. Hatuna la kuzifanyia.

Ambaye hakuwa mzabuni, wala hakuchukua nyaraka za zabuni, hawezi kwenda kwenye Bodi. Anaweza kuomba taarifa chini ya sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016, na ofisi ina siku 21 kujibu. Usalama wa taifa ni sababu halali ya kukataa, lakini kukataa huko kunaweza kupingwa.

Adhabu nazo zijulikane. Mtu binafsi anayepatikana na hatia chini ya sheria ya 2015 anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 4, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili; kampuni, hadi milioni 10. Anayezuiwa kushiriki zabuni za umma huzuiwa kwa muda usiopungua miaka mitatu. Hii inamhusu mtoaji rushwa sawasawa na mpokeaji. Tunalisema kwa sababu baadhi ya walalamishi hutuandikia wakieleza, bila wasiwasi wowote, kwamba walimtumia "afisa" pesa kwa simu ili tenda ya nyama ipite, na sasa wanataka tuwasaidie kuzirudisha. Hakuna afisa wa ununuzi anayepokea ada kwa namba yake ya simu. Ukiombwa, hifadhi ujumbe na namba, usitume hata shilingi, na upeleke taarifa kwa tume ya kupambana na ufisadi, ambayo ina ofisi Malindi.