Kwa nini muuza nyanya hapunguzi bei, ila anakuongezea nyanya?

Kwenye genge la mtaani kwetu, fungu la nyanya ni shilingi 1,000: nne chini, moja juu. Ukisema, "Mama, nifanyie 800," jibu ni lile lile: "Haishuki, mwanangu." Lakini kabla hujageuka, mkono wake unazama kwenye beseni, unatoka na nyanya, na nyanya inatumbukia kwenye mfuko wako. Nyongeza hiyo.

Kwa miaka mingi niliamini mama huyu hajui hesabu. Amekataa kuachia shilingi 200, kisha akanipa bure nyanya anayoiuza 200! Wakati mwingine nilidhani ni huruma tu, nikawa nashukuru kwa sauti ya mtu aliyesaidiwa. Asiyejua hesabu alikuwa mimi.

Tuseme kwa bei ya tenga kila nyanya imemgharimu 120. Fungu la nyanya tano limekula 600. Akiuza 1,000 anabaki na 400. Akishuka hadi 800, faida inakuwa 200. Akiongeza nyanya moja, faida ni 280. Upande wako, nyanya tano kwa 800 ni 160 kila moja. Sita kwa 1,000 ni kama 167. Wewe umepoteza shilingi saba kwa nyanya, ambazo huzioni. Yeye ameokoa 80, na kwa mafungu thelathini kwa siku anaziona vizuri sana.

Ni kama mwenye mwembe uani. Akikupa embe, wewe umepokea embe la sokoni, yeye ametoa la mtini. Akikupa noti, noti ni noti kwenu wote wawili.

Halafu kuna masikio. "Mia nane" ikitamkwa, mteja wa nyuma ameshaisikia, na kesho ndiyo bei. Nyanya inayotumbukia mfukoni haina sauti. Na ukimpa noti ya 1,000, punguzo la 200 linadai chenji, ambayo asubuhi ni adimu kuliko nyanya.

Hesabu hii ina mipaka. Siku mzigo ni mchache na zote zitaisha kabla ya adhuhuri, nyanya ya bure inamgharimu 200 kamili, na ndiyo siku utakayosikia, "Leo hakuna nyongeza." Jioni, zikishalainika, anaongeza tatu bila kuombwa. Wala sisemi roho nzuri haimo: mtoto aliyetumwa dukani huondoka na ndizi mkononi, na hiyo sijaipatia hesabu.

Mchezo huu si wetu peke yetu. Kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, nyongeza ya sokoni huitwa yapa, kutoka neno la Kikechua lenye maana ya kuongeza. Wahispania wakalifanya "la ñapa", na lilipofika New Orleans, Marekani, likawa lagniappe. Safari yote hiyo, na maana bado ni ya gengeni: niongezee.

Bodaboda ndiye hana ujanja huu. Ukibembeleza, inambidi ashushe bei kweli, maana hawezi kukuongezea nusu kilomita mbele ya mlango wako.