Afya ya uzazi kwa wanawake waliokimbia vita: dhana potofu na ukweli

"Kwanza chakula, maji na mahema, mambo ya uzazi baadaye." Mimba haisubiri mahema. Kati ya wajawazito 100, takriban 15 hupata matatizo makubwa, vita viwepo visiwepo. Ndiyo maana kifurushi cha awali cha huduma za uzazi kwenye dharura kinatakiwa kuanza ndani ya saa 48, ikiwezekana: matibabu ya waliobakwa, uzazi salama, kinga ya VVU na magonjwa ya zinaa, na uzazi wa mpango.

"Aliyebakwa lazima apite polisi kwanza." Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu inakula saa ambazo hazirudi. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianzwe mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72 baada ya kubakwa. Kuzuia mimba kuna hadi saa 120: kidonge cha dharura cha levonojestreli, miligramu 1.5, dozi moja, ambacho nguvu yake hupungua kila siku inayopita, au kitanzi cha shaba. Akitapika ndani ya saa mbili, arudie kidonge. Kuna nchi ambako sheria humlazimu mhudumu kutoa taarifa. Hapo mwanamke aelezwe kabla hajaanza kusimulia, lakini tiba haingoji fomu ya mtu yeyote.

Tena kuna anayejirudisha mwenyewe: "Nimeshaoga, nimefua nguo, hakuna la kufanya." Kuoga kunaweza kupunguza ushahidi, basi. Dawa zinafanya kazi vilevile. Hata aliyechelewa kupita siku tano bado anahitaji tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya pepopunda na homa ya ini B, matibabu ya majeraha na ushauri nasaha. Na "kipimo cha ubikira" kisifanywe kabisa: hakionyeshi kama mtu amebakwa, na ni kumuumiza mara ya pili.

Dawa za VVU humezwa siku 28. Kliniki inayogawa za wiki moja na kusema "rudi Jumatatu" imesahau inamhudumia nani. Jumatatu huenda ameshahamishwa. Apewe dozi zote siku ya kwanza, na aambiwe kuwa kichefuchefu hupungua akimeza pamoja na chakula. Wengi huacha kwa sababu hiyo tu.

"Kidonge cha dharura hutoa mimba." Hakitoi. Huchelewesha yai kutoka, na kama mimba ilishatunga hakiidhuru. Kwa hiyo kipimo cha mimba si sharti la kukipata.

"Akipewa mfuko wa kujifungulia, inatosha." Mfuko una plastiki ya kutandika, sabuni, glavu, wembe mpya, nyuzi za kufungia kitovu na kitambaa. Unazuia uchafu. Hauzuii damu. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunahitaji oksitosini, sindano inayotunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Pasipo na jokofu la uhakika, vidonge vya misoprosto, mikrogramu 600, hutumika kuzuia damu hiyo. Zaidi ya yote, kutokwa damu kunahitaji gari linalojulikana liko wapi usiku, lenye mafuta, na dereva anayepokea simu.

"Anayenyonyesha hawezi kushika mimba." Anakingwa tu ikiwa mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Sharti moja likikosekana, atafute njia nyingine.

"Bango la 'Wanawake' mlangoni limemaliza suala la choo." Kagua usiku, usikague saa sita mchana. Choo kisizidi mita 50 kutoka makazi, na komeo liwe ndani. Taa nayo ina mtego wake: ikimulika choo peke yake, njia ya kukifikia inabaki gizani, na anayekwenda anaonekana na kila aliyejificha. Kabla ya kuchimba, waulize wanawake wenyewe wanapita wapi na saa ngapi.