Mheshimiwa hakugeuka, anasoma mkia wa ibara

Kila serikali mpya ikitangazwa kule Kinshasa, hapa Lubumbashi wimbo ni uleule: fulani alikuwa mtetezi wa sendika, yaani vyama vya wafanyakazi, amepata kiti, amegeuka, basi haki ya mgomo imekwisha. Au kinyume chake: waziri amesema redioni yuko pamoja na wafanyakazi, basi tumeshinda. Jamani, nimechoka. Mdomo wa waziri si gazeti rasmi la Leta, yaani la serikali.

Someni ibara ya 39 ya Katiba ya 2006 mpaka mwisho. Kichwa chake kinatambua haki ya mgomo na kuihakikisha. Halafu kuna mkia: haki hiyo inatumika kwa masharti ya sheria, na sheria inaweza kuikataza au kuipunguza katika ulinzi na usalama wa taifa, au katika kazi yoyote au huduma ya umma ambayo ni ya lazima kwa uhai wa taifa. Mpinzani anasoma kichwa, waziri anasoma mkia. Hakuna karatasi iliyobadilika hapo, aliyehama ni msomaji. Ibara ya 38, ya kuunda sendika na kuingia, haina kelele, maana kuisifu hakumgharimu mtu hata franga.

Kugeuka kwenyewe kunaonekana kwenye maandishi. Mwaka 1967 Rais Mobutu alizikusanya sendika zote ndani ya moja, UNTC, iliyokuja kuitwa UNTZa, kwa jina la umoja. Aprili 1990 akaachia vyama vingi, na sendika nyingi zikarudi. Mtu mmoja, sheria mbili zinazopingana.

Lakini mfano unaopotoshwa kuliko yote ni wa jirani, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Frederick Chiluba aliongoza shirikisho la sendika za Zambia, ZCTU, akatiwa kizuizini wakati wa Rais Kaunda mwaka 1981, akawa rais 1991. Mwaka 1993 serikali yake ikapitisha sheria ya mahusiano kazini iliyofuta kanuni ya sendika moja kwa kila sekta. Watu wanasema: "Unaona? Msaliti!" Polepole. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kongo iliuridhia 2001, haupendi sheria inayowalazimisha wafanyakazi kukaa chini ya sendika moja. Ukipima kwa mkataba huo, Chiluba alipanua uhuru. Ukipima kwenye meza ya mazungumzo, patron, yaani mwajiri, mwenye sendika tano mbele yake anachagua iliyo laini, anasaini nayo, na nne zinabaki kupiga kelele getini. Vipimo vyote viwili ni halali, na anayekupa kimoja tu anakuficha nusu ya habari. Vitabu vinasema wingi wa sendika ni jambo jema, nukta. Mimi nina shaka. Wingi tulioupata baada ya 1990, sina hakika kama umewafaa wachimbaji kuliko ulivyowafaa mapatron. Wala sitaki kurudi UNTZa, msinielewe vibaya.

Na karatasi yenyewe ina daraja zake. Februari 2004 serikali ya mpito na sendika za watumishi wa umma walisaini mapatano ya Mbudi: tarishi dola 208 kwa mwezi, katibu mkuu wa wizara 2.080. Ngazi safi, moja kwa kumi. Haikutumika. Hakuna aliyehitaji kugeuka wala kutamka kwamba anaikataa. Mapatano ya kusaini si sheria, na bila pesa yake kuandikwa katika bajeti iliyopigiwa kura, waziri anayefuata anayarithi kama picha ya ukutani. Kwa hiyo kiongozi akiahidi mshahara, usimuulize kama anawapenda wafanyakazi. Muulize ni mstari gani wa bajeti, wa mwaka gani.

Muulize pia anasema na nani. Kanuni ya Kazi ya 2002, iliyorekebishwa 2016, haimhusu mtumishi wa umma wa kudumu, askari wala polisi. Karani wa wizara ana sheria yake, namba 16/013 ya 2016. Ahadi kuhusu Kanuni ya Kazi haimfikii, hata akipiga makofi mpaka mikono iwake.

Kwa kampuni, njia ni hii, na hotuba haiifupishi. Madelege, wawakilishi wa wafanyakazi, wanaandika madai, wanajadiliana na patron. Ikishindikana, enspekta wa kazi anaita pande zote mbili kuzisuluhisha. Wasipopatana, anaandika PV, yaani hati rasmi, ya kutopatana. Kutoka hapo ni tume ya upatanishi. Mgomo unakuja njia hizo zikiisha, si kabla. Makosa nayo ni yaleyale. Mwenzetu mmoja amefukuzwa, kambi nzima inataka kusimama: kama ni jambo lake peke yake, huo ni mgogoro wa mtu binafsi, unakwenda kwa enspekta na mahakama ya kazi. PV inataja usafiri tu, watu wanagoma kwa ajili ya mshahara: avoka (wakili) wa kampuni anacheka mpaka anatoa machozi. Na mgomo ukiwa halali, mkataba wa kazi unasimama tu, haufi, lakini mshahara nao unasimama, kwa hiyo sanduku la mgomo linajazwa miezi kabla.

Desemba 1941, enzi za Wabelgiji, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma bila karatasi yoyote ya kushika. Gavana Maron alikuja mwenyewe kusema nao kwenye uwanja wa mpira hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwisho wa maneno ulikuwa risasi. Léonard Mpoyi, kiongozi wa wagomaji, alikufa pale. Ruhusa ya sendika kwa Wakongo ilikuja 1946.

Leo karatasi ipo. Barua ya madai itoeni nakala mbili, moja ibaki kwa patron, nyingine irudi kwenu ikiwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Akikataa kupiga mhuri, ipelekeni kwa enspekta siku hiyohiyo.