Kasha la bibi: maziko hupangwa mtu angali hai

Mtu akifa alfajiri hapa Lamu, mara nyingi adhuhuri ile ile husaliwa akazikwa. Akifa magharibi, wengine huzika usiku huo huo kwa taa. Ndiyo maana vijana wetu walioko Mombasa na Nairobi wakiniuliza maziko mazuri hupangwa vipi, nami huwauliza: mmeshazungumza na mzee mwenyewe? Zile saa sita au saba baada ya kifo ni za mbio tu. Aliyepanga alipanga zamani.

Mimi hufundisha kina mama kuosha maiti katika jumuiya ya maziko ya mtaa wetu. Tangu naingia mlangoni najua kama nyumba hii ilizungumza au ilinyamaza. Iliyozungumza, ndoo zimepangwa, ufuo, yaani shimo la kupokea maji ya kuoshea, uko tayari, na kuna mtu mmoja wa kujibu maswali. Iliyonyamaza, kila mtu ana simu sikioni na mimi mgeni naulizwa sanda inunuliwe wapi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kasha lake. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe, kitambaa cha sanda, iliyokwisha kukatwa vipande vitano, pamba, kafuri iliyofungwa kitambaani, mkunazi uliokaushwa ukatwangwa, udi, na chupa ya marashi. Sisi watoto tulikuwa hatulikaribii. Yeye kila mwaka kabla ya Ramadhani alilifungua, akaianika ile bafta juani, akaikunja upya huku akitutuma dukani kama siku yoyote nyingine. Vipande vitano ni vya mwanamke: shuka, kanzu, mtandio, na nguo mbili za kumfunika mwili mzima. Mwanamume ana vitatu. Hakuna cha ghali hapo, na anayetaka kuonyesha mapenzi kwa sanda ya bei kubwa afadhali zile pesa azitoe sadaka.

Bibi alikuwa pia ameshawataja watakaomwosha. Watu huliruka jambo hili, kumbe ndilo zito. Mwosha huoshwa, na kila mtu ana haki ya kuchagua mikono anayoiamini na siri ya mwili wake. Katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani, mume anaweza kumwosha mkewe, na mke mumewe. Nimewaona waume wakifukuzwa chumbani na mashangazi wasioijua hukumu hiyo.

Namna ya kuosha tumeipokea kwa Ummu Atiyya, sahaba aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha binti wa Mtume. Waliambiwa waoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, idadi iwe witri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Maji yatiwe mkunazi, josho la mwisho litiwe kafuri. Waanze upande wa kulia na viungo vya udhu. Nywele walizisuka misuko mitatu wakailaza nyuma. Wakati mmoja nilikuwa naosha pamoja na binti wa marehemu ambaye kilio chake kilisikika mpaka kichochoroni. Nilimpa kitana. Akaanza kusuka, akanyamaza, akawa anamnong'oneza mamake kitu ambacho sikukisikiliza. Nje wanaume walikuwa wameshaanza kukohoa, jeneza liko mlangoni. Sikumharakisha.

Kwa babangu sisi tulinyamaza. Alifia nyumbani, na kitambulisho chake hatukukiona mpaka mchana. Mtu akifia hospitali, karatasi huanzia huko huko. Akifia nyumbani, taarifa hupelekwa kwa chifu au naibu wake, na kibali cha kuzika hutoka baada ya hapo. Tulipindua magodoro, tukakuta kitambulisho ndani ya viatu vya Idi. Wakati huo kaka yangu alikuwa njiani kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha boti. Nusu ya jamaa wakasema asubiriwe, nusu wakasema maiti hasubiri. Shangazi zangu walipandishiana sauti mbele ya maiti. Babangu angeulizwa mapema angelimaliza lile kwa neno moja. Jamaa wa kisiwani Pate na Faza walikuwa na tatizo jingine, kwa kuwa wakati huo mkondo wa bahari wa Mkanda ulitaka maji yajae ndipo boti ipite, na maji hayamjui mfiwa. Ulizeni mapema: nani asubiriwe, na mwisho saa ngapi? Azikwe hapa alipofia au kijijini kwao?

Kabla ya sala ya maiti, mtu wa familia husimama akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwake. Kaka alikuwa bado hajafika, akatangaza ami. Siku ya tatu akaja muuza mbao na daftari: shilingi 18,400, za mashua ambayo babangu hakuwahi kuimaliza. Hakuna aliyejua. Tulilipa, lakini mamangu aliinamisha kichwa mbele ya watu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za kumzika, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Warithi wenyewe hawausiwi, ila wenzao wakiridhia. Yaandikeni madeni, mnayodaiwa na mnayodai, na daftari lijulikane lilipo.

Kibali kile cha kuzika kitunzeni, kwani ndicho kitakachotafutwa wakati wa kuomba cheti cha kifo. Msiache miezi sita ipite bila kusajili. Baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, na safari za ofisini huongezeka. Bila cheti, benki haifungui mlango, pensheni haitoki, na mirathi kwa Kadhi hukwama.

Matanga nayo yapangwe, tena kwa ukali. Jaafari bin Abi Talib, binamu wa Mtume, alipouawa katika vita vya Muuta, Mtume aliwaambia watu waipikie familia yake chakula kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Siku hizi mambo yamepinduka: mfiwa anakopa mchele ili waliokuja kumpa pole wale pilau. Masheikh wana maneno yao juu ya hitima na arobaini, sitayaingilia. Ninachosema ni kwamba majirani wagawane zamu za kupika kwa siku tatu, na pesa za ubani zikabidhiwe mtu mmoja anayeandika. Mjane naye hukaa eda miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Siku ya nne watu wakishatawanyika, nani atamwendea sokoni? Mchagueni huyo kabla mikeka haijakunjwa.

Bibi alipofariki, mimi ndiye niliyefungua kasha. Kila kitu kilikuwa mahali pake, bafta ingali na harufu ya udi. Chini kabisa palikuwa na doti tatu za kanga mpya ambazo hakuna aliyejua habari zake, na juu yake kipande cha karatasi kwa mwandiko wake wa Kiarabu: za waosha, na ile nyekundu ya huyo aliyekuwa akiliogopa kasha.