Eti farasi halali chini?

Wengi tumekua tukisikia farasi analala kasimama tu, ukimkuta kajilaza basi ujue mgonjwa. Nusu yake kweli, maana miguu yake ina kano zinazofunga viungo vikakaza, anasinzia wima bila kuanguka, ila ule usingizi mzito wa ndoto lazima ajilaze, na unaweza kuwa kama nusu saa hivi tu kwa siku, tena vipande vipande na mara nyingi usiku ndo maana hatumwoni. Ukitaka kuhakikisha pita bandani asubuhi mapema umcheki ubavuni, utakuta nyasi au vumbi limegandia upande mmoja. Ila akijilaza huku anagaagaa, jasho linamtoka na chakula hataki, hapo muite daktari wa mifugo haraka, huenda ni tumbo.