Gapi ametuna tumbo: ana mimba au anaumwa?

Kijana mmoja aliniletea gapi jike, samaki mdogo wa mapambo, ndani ya kopo la siagi, kifuniko kimetobolewa kwa msumari ili hewa ipite. "Daktari, huyu anakaribia kuzaa, hii wiki ya pili namsubiri." Nikafungua kifuniko nikamtazama kwa juu. Magamba yote yalikuwa yamesimama, kila moja limeachana na mwili, mfano wa ganda la nanasi. Hakuwa anazaa. Alikuwa amejaa maji tumboni, na jioni ile alikufa. Samaki wa namna hii ninawapokea mara nyingi mno katika kliniki ya wanyama ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam, na karibu wote wamecheleweshwa na neno moja: "ana mimba". Haya ndiyo maswali ninayoulizwa.

Ni samaki gani wa mapambo wanaozaa?

Gapi, moli, plati na wale wenye mkia wa upanga. Mayai yanaanguliwa ndani ya mama, na vifaranga wanatoka wakiwa hai, wanaogelea wenyewe. Samaki wa dhahabu hutaga. Tumbo lake likituna usiniambie ana mimba.

Nilinunua jike peke yake. Mimba imetoka wapi?

Imetoka dukani. Majike na madume hukaa tangi moja pale, na jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, akazaa zaidi ya mara moja bila kuonana na dume tena.

Mimba huchukua muda gani?

Kwa gapi ni siku 21 hadi 30, wengi kama wiki nne. Moli hukawia zaidi. Maji ya baridi huchelewesha, ya uvuguvugu huharakisha. Andika kwenye kalenda tarehe aliyozaa mara ya mwisho, kwa sababu kukisia ndiko kunakowaponza watu.

Nitajuaje kuwa siku yake imefika?

Mtazame kwa ubavu. Karibu na tundu la haja, juu kidogo ya pezi la chini, kuna doa la mimba. Linakua na kuwa jeusi kadiri siku zinavyokwenda, na kwa gapi wa rangi nyepesi unaweza kuona macho ya vifaranga ndani, nukta nukta nyeusi. Siku za mwisho tumbo linaacha kuwa la mviringo. Linashuka na kupata pembe kama boksi: mbele, chini ya koo, linakatika wima, na nyuma linaishia ghafla.

Siku yenyewe anajitenga. Utamkuta nyuma ya hita, kile kifaa cha kupasha maji joto, au chini ya majani, hataki wenzake. Chakula anakikataa, au anakidaka na kukitema. Anapumua haraka, mwili unatetemeka kwa vipindi, mkia unakunjika. Kisha kifaranga anatoka amejikunja kama koma, anazama kidogo, anajinyoosha na kukimbilia majani. Wanatoka mmoja mmoja au wawili wawili, kwa kawaida kwa muda wa saa 4 hadi 6, na mama hupumzika katikati. Jike aliyekomaa hutoa vifaranga 20 hadi 60. Jike mchanga hutoa wachache.

Na katika hatua zote hizo, magamba yake yamelala. Hapo naomba uweke alama.

Magamba yamesimama. Je, si kwa sababu tumbo limejaa watoto?

Hapana. Mimba haisimamishi magamba, hata awe na vifaranga 100. Magamba yakisimama, maji yamejaa mwilini na figo zinashindwa kuyatoa. Mtazame kwa juu, si kwa ubavu tu: mwenye mimba ubavu wake ni laini, mgonjwa anaonekana kama nanasi. Huyo ni wa kutibiwa leo.

Lakini ana doa jeusi kabisa.

Anaweza kuwa na mimba na ugonjwa kwa pamoja. Doa halifuti ugonjwa. Magamba yakisimama, acha kuhesabu siku za kuzaa.

Kabla magamba hayajasimama, kuna dalili za mapema?

Zipo, na hapo ndipo tunapoweza kusaidia. Uvimbe wa mimba unakaa chini na nyuma. Uvimbe wa ugonjwa unaenea pande zote mpaka karibu na kichwa. Macho yanatokeza. Rangi inafifia. Kinyesi ni cheupe, kinaning'inia kama uzi. Anayezaa hukataa chakula siku moja hivi. Mgonjwa anakataa siku tatu, nne, na analala chini ya tangi. Ukimleta katika hatua hii nina la kufanya. Magamba yakishasimama wengi hufa hata kwa dawa, na sisemi hivi kukutisha.

Ugonjwa huu unatoka wapi?

Mara nyingi ni maji. Tangi dogo, samaki wengi, chakula kinamwagwa kwa kiganja, mabaki yanaozea chini. Amonia, sumu itokanayo na uchafu huo, inapanda, samaki anadhoofika, na bakteria wanaoishi humo humo majini wanamshinda. Halafu kuna tabia inayonikera: kuchukua sponji ya chujio na kuisugua chini ya bomba mpaka ing'ae. Klorini iliyomo kwenye maji ya bomba inaua bakteria wazuri waliokuwa wakila amonia, na wiki ile ile tangi linachafuka. Sponji isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Badilisha robo ya maji kila wiki, na maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini, au yaache kwenye ndoo wazi siku nzima.

Siku zimepita na hajazaa. Nimkamue taratibu?

Usimguse! Nimeletewa majike waliopasuka ndani kwa vidole vya watu wenye nia njema kabisa. Kama magamba yamelala, anakula na anaogelea, mwache, huenda ulikosea hesabu.

Kile kisanduku cha plastiki cha kuzalia?

Watu humfungia humo wiki nzima. Maji hayapiti vizuri, jike anahangaika, na wengine huzaa watoto wafu. Kama ni lazima, mhamishe tumbo likishapata pembe, kabla hajaanza kutetemeka, na mtoe mara amalizapo. Mimi napendelea mafungu ya majani yanayoelea, vifaranga wajifiche humo. Mama atakula baadhi yao, ndiyo tabia yake, kwa hiyo mlishe vizuri siku zile.

Nimemwagia kapsuli ya tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria niliyokuwa nayo nyumbani.

Tafadhali acheni hili. Dozi hujui, ugonjwa hujui, na dawa hiyo inaweza kuua bakteria wa chujio lako. Nikimpokea samaki baada ya kapsuli, nina kazi mbili.

Magamba yamenyanyuka kidogo tu. Nimtazame siku mbili kwanza?

Hapana. Kidogo ndiyo nafasi yenyewe. Mtenge kwenye maji safi yenye joto lile lile, usimlishe leo, badilisha theluthi ya maji ya tangi la wenzake, kisha mlete. Usisubiri siku mbili, wala usingoje uone kama "atazaa usiku".

Nije na nini?

Samaki ndani ya maji ya tangi lake, chombo kisijazwe mpaka juu, kisikae juani. Chukua na chupa nyingine ya maji ya tangi, tupime amonia na nitraiti, sumu nyingine ya uchafu wa tangi. Niambie ukweli umebadilisha maji lini mara ya mwisho; sitakugombeza, nataka kujua pa kuanzia. Na njoo naye asubuhi, kabla hujakwenda kazini.