Sembe kilo 5 na orodha ya majina: tulivyogawa sadaka wakati wa korona

Mfuko wa sembe wa kilo 5 unalisha familia ya watu 5 kwa siku mbili na nusu, basi. Mashirika ya misaada hupanga chakula cha dharura kwa kiwango cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo hutoka kwenye nafaka, kama gramu 400 kwa kila kichwa. Watu 5 ni kilo 2 kwa siku. Ukitaka kuishika mkono familia hiyo kwa wiki mbili, ipelekee sembe kilo 28, maharage kilo 4 na ushei, na mafuta lita 2. Hesabu hii niliipiga Aprili 2020 kwenye meza ya ofisi ya parokia yetu hapa Mwanza, nikiwa nimechelewa. Siku tatu kabla yake tulikuwa tumegawa mifuko ya kilo 5, tukarudi majumbani tukimshukuru Mungu kwamba watu wamepona njaa.

Kazi yangu ni uhasibu, na kwenye kamati ya huruma ya parokia mimi ndiye mweka hazina. Tangu kipindi kile, watu wa parokia nyingine, na wa misikiti pia, wamekuwa wakinipigia kuuliza tulichanga vipi. Nawaeleza, kama nitakavyoeleza hapa chini. Lakini swali ambalo wangetakiwa kuanza nalo ni nani aliandika orodha ya wanaopewa, maana pale ndipo tulipokosea, na pale ndipo kosa linapoumiza.

Tukumbushane hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa. Makanisa na misikiti havikufungwa. Serikali iliomba siku tatu za maombi katikati ya Aprili na watu wakaomba. Ila kwa sisi wa kando ya ziwa, shida ya tumbo ilitangulia shida ya kifua. Minofu ya sangara inayotoka Mwanza inaliwa Ulaya, na inasafiri kwa ndege. Ndege ziliposimama na hoteli za huko zikafungwa, bei ya sangara mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, ikaanguka. Ikaanguka na mipango ya kila aliyekula kwa mgongo wa yule samaki: mvuvi, kuli, muuza barafu, mama wa chai na chapati, kijana wa mkokoteni, fundi wa nyavu. Dagaa nao, ambao wanapelekwa hadi Kongo na nchi nyingine za jirani, walikwama njiani kwa sababu madereva wa malori walikaa mipakani siku na siku wakisubiri kupimwa. Kisha mvua. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kiwango cha 1964, mwaka ambao wazee wa pwani hii walikuwa wakiutumia kama kipimo cha mafuriko. Vyumba vya kupanga vilivyojengwa karibu na maji viliingiwa, na vyoo vikazama. Unamwambia mtu anawe mikono kwa sabuni wakati maji aliyonayo ni yale yaliyoingia chooni.

Sasa michango. Kwenye parokia tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kapu la Jumapili, ambalo lilipungua kwa sababu wazee walibaki nyumbani na wenye kipato walikuwa ndio hao hao waliopoteza kipato. Ya pili ni jumuiya ndogondogo, zile za kaya chache zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Ya tatu ni mnada wa mavuno. Asiyeujua: baada ya misa, vitu ambavyo waumini wametoa sadaka, kuku, boga, mkungu wa ndizi, debe la viazi, vinanadishwa nje ya kanisa. Mwenye fedha ananunua boga kwa bei ambayo haijapata kuonekana sokoni, halafu analirudisha, linauzwa tena. Boga moja linaweza kupigwa mnada mara nne. Naupenda sana mnada wetu. Lakini mwaka ule nilimwomba baba paroko tusiuze chakula, tukiweke stoo. Kilichokuwa kinahitajika nyumbani kwa watu ni boga lenyewe. Kuligeuza fedha, kisha kuigeuza fedha kuwa unga, kulikuwa ni kuzunguka bure. Alikubali, na mnada ukabaki kwa vitenge na vyombo.

Kwenye kundi la WhatsApp niliweka sheria moja ambayo iliwaudhi baadhi ya watu: orodha ya michango ina safu mbili, ahadi na taslimu, na kamati inapanga matumizi kwa safu ya taslimu peke yake. Nimeshaona harusi na misiba ikiingia madeni kwa sababu kamati ilinunua kwa ahadi. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini deni halichemki sufuriani. Laini ya kupokelea fedha ilisajiliwa kwa jina la mmoja wetu, namba ya siri ikashikwa na mwingine, na mimi nikapewa daftari tu. Mweka hazina anayekaa na simu, namba ya siri na daftari kwa pamoja amewekwa mahali pabaya hata kama ni mtakatifu.

Jingine dogo lenye uzito: tulipotuma fedha kwa simu, tulituma na ya kutolea. Ukimtumia mtu shilingi 20,000 bila ya kutolea umempa pungufu ya 20,000, na atakuficha kwa heshima. Jambo hili lilikuwa gumu zaidi kuanzia 15 Julai 2021, tozo za miamala zilipoanza, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea kiasi, juu ya ada ya kampuni. Zilipunguzwa kwa asilimia 30 baadaye mwaka huo huo, lakini kwa miezi ile nilikuwa na safu nzima ya daftari iliyoandikwa makato.

Nirudi kwenye orodha. Mgao ule wa kwanza tuliwaagiza viongozi wa jumuiya walete majina ya kaya zenye shida. Wakaleta, kwa moyo safi kabisa. Nilipoyapitia baadaye, karibu wote walikuwa watu wanaofika kwenye sala za jumuiya. Kiongozi anaandika anaowaona. Mgonjwa wa siku nyingi ambaye hafiki, hakuonekana. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita, hakuonekana. Wavuvi wa kambini, ambao leo wako hapa na kesho wako Ukerewe au Kome, hawana jumuiya wala balozi. Tukasema basi tutumie orodha za vikundi vya kufa na kuzikana, maana vile vina majina, simu na watoto wa kila mwanachama. Orodha nzuri mno, lakini ni ya watu wanaomudu ada ya kila mwezi. Aliyeshindwa ada alishafutwa, na huyo aliyefutwa ndiye tuliyekuwa tunamtafuta.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja mwanika dagaa, tuliyekutana naye Mwaloni Kirumba nilipokwenda kuulizia bei. Nilimwamkia, akanijibu, akaangalia daftari langu. «Mwanangu, mnatuletea unga lini?» Nikamwambia Jumamosi ijayo, tarehe fulani. «Siku hizo kuna giza. Watu wako majini, hamtamkuta mtu na njaa haijawa kali. Njooni kwenye mwezi.»

Nilikuwa nimeishi Mwanza miaka yote na sijawahi kulifikiria hilo kama mhasibu. Dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza taa inawavuta, wavu unajaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na mitumbwi hupumzika wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo kipato cha mwanika dagaa, cha mbebaji na cha mwenye mtumbwi hakifuati tarehe za mwisho wa mwezi kama mshahara wangu. Kinafuata mwezi wa angani. Wakati wa kawaida wiki ile ya mwanga huvukwa kwa kukopa dukani. Korona ilipokuja, mwenye duka akaacha kukopesha. Tulihamisha mgao, tukauweka siku mbili kabla ya mwezi kuwa mpevu. Sikuongeza hata shilingi moja kwenye bajeti, lakini unga ule ule ukafika siku ulipohitajika.

Mama yule tukamwomba aingie kwenye kamati ya kuandika majina, pamoja na balozi, katekista, na mzee mmoja wa msikiti wa jirani. Huyu wa mwisho ana sehemu yake katika habari hii. Msikiti wao nao ulikuwa unagawa, mitaa ile ile, na kuna kaya zilizopata kwao na kwetu wakati nyumba ya tatu kutoka hapo haikupata popote. Tulikaa na shekhe na kamati yake kwenye baraza, tukalinganisha majina. Nilijifunza mengi pale. Zaka, ile ya asilimia 2.5 ya mali iliyofika kiwango, ina makundi manane ya wanaostahili, na shekhe alieleza kwa utulivu kwamba hawezi kuichanganya kwenye kapu la pamoja. Zakatul-fitri nayo ni chakula, pishi moja kwa kila mtu, yaani vibaba vinne, na lazima imfikie maskini kabla ya swala ya Idd. Sadaka ya kawaida ndiyo iliyo wazi kwa jirani yeyote. Wengine kwenye kamati yetu walinung'unika kwamba wenzetu wanabagua. Mimi sikuona hivyo hata kidogo. Kwenye uhasibu tunaita fedha yenye sharti: aliyeitoa ametaja matumizi yake, na kuigeuza bila ruhusa yake ni wizi hata ukiigeuza kwa jambo jema. Nasi tunayo ya namna hiyo, mchango wa ujenzi haununui sembe. Tukakubaliana: wao wapeleke zaka na fitri zao kama dini yao inavyotaka, watutajie ni kaya zipi zimefikiwa, na sadaka zao za wazi ziungane na zetu kwa kaya zilizobaki. Na kwa kuwa Idd el-Fitri huangukia mwezi mwandamo, wakati wa giza, wakati mitumbwi iko majini, mgao wao na wetu ukapishana vizuri kwa wiki mbili.

Jambo la picha linaniuma mpaka leo. Mfadhili mmoja alitoa magunia, akaja na mpiga picha, na wazee wetu wakapangwa kwenye ngazi za kanisa, mifuko mikononi. Msongamano wenyewe wakati wa ugonjwa wa kuambukiza ulikuwa kosa letu kubwa. Lakini kilichofuata ni kwamba mama mmoja mjane hakuja mgao uliofuata. Tulipomfuata nyumbani alisema mwanawe alimwona kwenye simu, akamuuliza kwa nini anamwaibisha. Kuanzia hapo tulipeleka nyumbani, jioni, kwa bodaboda wawili wa jumuiya, mzigo ndani ya gunia la kawaida.

Watu huniambia kuna mgongano hapo: dini zetu zote mbili zinasifu sadaka ya siri, na wewe mhasibu unataka kila kitu kisomwe hadharani. Hakuna mgongano. Siri ni ya anayepokea. Fedha haina aibu ya kuonekana. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ilisomwa jumla iliyoingia, iliyotoka, bei ya gunia na duka lililotuuzia, na karatasi ikabandikwa ubaoni. Majina yalikaa kabatini, ufunguo kwa katekista. Hata baba paroko aliyaona alipoomba tu.

Fedha au chakula? Mwanzoni tuligawa chakula pekee, kwa hofu kwamba fedha zitanywewa. Hofu hiyo haikuthibitika kwetu. Chakula kilifaa pale bei za dukani zilipopanda na kwa wazee wasioweza kutoka. Lakini kaya nyingi zilizoingiwa na maji zilikuwa zinadaiwa kodi, na mwenye nyumba hapokei maharage. Wengine walitaka nauli ya kuwarudisha watoto kwa bibi Sengerema, shule zikiwa zimefungwa. Kufikia Juni, kaya zenye simu tulizitumia fedha, zisizo na simu tulizipelekea mzigo. Sabuni tuliigawa kwa wote: kipimo cha dharura ni gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi, na hakuna kaya hata moja iliyokuwa imefikia nusu ya hapo.

Mwanzoni mwa 2021, Baraza la Maaskofu lilipotoa waraka wa kutahadharisha kwamba ugonjwa upo, hatukuanza upya. Daftari lilikuwepo. Tulilipitia mwaloni na yule mama, jina kwa jina: huyu kahama, huyu kapata kazi kwenye ujenzi wa daraja la Kigongo, huyu kafariki, hawa ni wapya. Ilituchukua asubuhi mbili, na mgao ukatoka wiki hiyo hiyo, kabla mwezi haujajaa. Bado tunalipitia kila baada ya miezi mitatu, hata sasa dharura ya korona ikiwa imekwisha, na safu ya kwanza ya kila ukurasa ina tarehe za mbalamwezi.